Kitufe Kimoja cha Lubunga

Jumapili, 12 Machi 2000

Mvua imeanza. Baada ya misa nimejaribu tena kumweleza Tonton Mumbere ninachosoma chuoni jioni. Ni mdogo wake baba. Ndiye aliyenileta Kisangani kutoka Butembo, na nalala nyuma ya depo yake ya maharage, sukari na chumvi, hapa komini ya Tshopo. Wateja wakimuuliza, husema nasomea mashine.

Nimemwambia: Tonton, mashine imeshatengenezwa na wengine. Sisi tunajifunza kupanga kile mtu atakachokiona akikaa mbele yake, atakachobonyeza, na jinsi itakavyomjibu, ili aweze kuitumia bila kufundishwa. Profesa wetu anaita conception interactive.

Alisikiliza vizuri sana, mikono magotini.

"Bon. Na inauzwa kwa kilo ao kwa gunia?"

Tantine Victoire, mke wake, alicheka hadi akaweka sufuria chini.

Jumatano, 15 Machi

Ofisini. Hakuna meli.

Ijumaa, 17 Machi

Hakuna meli. Niandike hapa jambo hili mara moja, lisinichoshe tena: mimi ni karani katika ofisi ndogo bandarini, na kazi yangu ni kupiga taipu ripoti ya meli zilizofika. Tangu vita vifunge mto, hazifiki. Kila Ijumaa mkuu wangu, Chef Lukumani, husimama nyuma ya kiti changu na kusema, "Andika: néant." Yaani hakuna kitu. Naandika. Anatia sahihi kwa kalamu ya wino, kama mtu anayetia sahihi jambo kubwa.

Leo ameniambia ofisi itafungwa mwisho wa Juni. Tonton amesikia, na ameshapanga: nikikosa kazi nitarudi Butembo kusimama katika duka la binamu yake. Sikulala vizuri.

Jumatano, 22 Machi

Siku kubwa. Chumba chetu chuoni kina kompyuta sita, mbili ndizo zinazopumua. Leo Assistant Nephtali, mwalimu wetu, alikuja na mgeni: Sœur Colette, mtawa anayeongoza kituo cha afya cha parokia huko Lubunga, ng'ambo ya mto. Wafadhili wamempa kompyuta moja na paneli ya jua. Anataka kuiweka katika ukumbi ambamo akina mama wanasubiri, iwafundishe kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha.

"Wengi hawasomi," alisema. "Na mimi sina muuguzi wa kusimama pale kutwa. Nataka mama ambaye hajawahi kuona kompyuta akae, aguse, afike mwisho, aelewe. Pasipo mtu kumwambia neno."

Kila mwanafunzi ataleta mradi wake mbele ya jury, jopo la wapimaji, mwezi wa Juni. Yule ambaye mradi wake utafaulu kwa akina mama wenyewe, Sœur atamwajiri: kazi ya kudumu, ya kubuni mafundisho yote ya kituo.

Désiré, anayekaa karibu yangu na kujua kila kitu, alininong'oneza: "Kaswera, pole. Ile kazi iko na jina langu tayari."

Naitaka kazi ile. Naitaka kiasi kwamba naogopa kuandika.

Alhamisi, 30 Machi

Hakuna umeme, kwa hiyo tumejifunza njia ya karatasi. Unachora kila skrini kwenye kadi. Unachora vitufe kwenye kipande kingine. Mtu anagusa kitufe cha karatasi, nawe unamwekea kadi inayofuata. Wewe ndiwe kompyuta.

Assistant Nephtali ana sheria moja ambayo anaigonga mezani: "Mashine haisemi! Mutu akikosea, unanyamaza. Akikuuliza, unanyamaza. Akikutukana mama yako, unanyamaza. Ukifungua kinywa, umefeli, maana siku ile ya kweli hautakuwa pale."

Désiré alijaribu na akasema "hapana, kule" baada ya dakika moja. Darasa zima likapiga kelele. Mimi nilinyamaza hadi mwisho. Assistant akasema, "Voilà. Muangalie Kaswera." Kwa mara ya kwanza kuogopa kusema kumenifaa kitu.

Alhamisi, 6 Aprili

Mvua kubwa. Kadi zangu za daftari zimelowa na kujikunja kama majani ya mihogo yaliyoungua.

Chef Lukumani ameniona nikizikausha juu ya taipureta. Hunitania kila siku. Ananiita Madame Kifungo, kwa sababu ya vitufe vyangu. Nilifikiri atanifukuza. Akaingia stoo, akarudi na bunda la etiketi za mizigo, zile ngumu za kufungwa kwenye magunia ya meli, mpya kabisa.

"Chukua. Hakuna mizigo."

"Chef, ni mali ya ofisi."

"Nimesema chukua, Madame Kifungo. Ao unataka niandike néant hata kwa hizi?"

Ijumaa, 14 Aprili

Nimejaribu kwa mara ya kwanza na watu wa kweli. Nilikwenda kwa Wagenia, wavuvi wa kwenye maporomoko, maana Sœur amesema wengi wa akina mama wake wa Lubunga ni wa familia za mto kama hizo. Nina picha sita: kuteka maji, kuyachemsha, kuyatia kwenye chupa ya lita moja, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, mama akimnywesha mtoto kidogo kidogo. Chini nina vitufe viwili: mshale wa kulia ni kuendelea, mshale wa kushoto ni kurudi. Nimezifunga ziwe mzunguko: ukipita ya mwisho unarudi ya kwanza, na ukirudi nyuma ya ya kwanza unakuta ya mwisho.

Tulikaa kwenye jiwe mbele ya maji. Mama wa kwanza aligusa mshale wa kulia moja kwa moja, akafika mwisho, akanirudishia habari yote kama aliyeisoma. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa bibi mwenye jicho moja, naye hakukosea.

Mimi sikusema neno. Walidhani mimi ni bubu, wakanihurumia, wakanipa samaki.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama mkubwa wa serikali.

Alhamisi, 27 Aprili

Lazima niandike yote, ingawa mkono hautaki.

Leo nilivuka kwenda Lubunga kwa pirogi ya injini. Kwenye kizuizi cha askari niliulizwa kadi hizi ni za nini. Nilijibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, wakanipitisha kwa sababu ya kuchoka nami. Sœur Colette alinipokea ukumbini. Ni chumba kirefu, meza iko chini ya dirisha, na dirisha linatazama mto. Alikaa kando na kukunja mikono.

Mama wa kwanza alitazama kuteka maji. Kisha akagusa mshale wa kushoto.

Mimi ni mashine. Nikamwekea picha ya mwisho: mtoto anakunywa. Akagusa kushoto tena: chumvi. Tena: sukari. Tena: chupa. Tena: moto. Alikuwa na furaha, alienda haraka, hakusita hata kidogo. Alipomaliza alimgeukia Sœur:

"Bon, nimesikia. Unateka maji, mutoto anakunywa. Kiisha unatia chumvi, unatia sukari, na ile maji inabakia unachemusha."

Niliuma ulimi wangu. Kweli, niliuuma.

Wa pili alifanya vivyo hivyo. Wa tatu aligusa kulia mara moja, akakunja uso kana kwamba nimemkosea adabu, akaenda kushoto hadi mwisho. Mmoja wa waliokuwa wakisubiri akasema, "Huyu mutoto wa bureau anatufundisha kunywesha watoto maji mubichi. Iko sawa, fundisheni!" Wakacheka wote.

Sœur alingoja watoke. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kaswera, mtoto akifa kwa sababu ya picha zako, mimi nitamwambia nini mama yake?"

Ameniruhusu nirudi mara moja tu kabla ya jury. Kadi nimeziacha mezani kwake. Sikutaka hata kuzigusa.

Njiani nilifikiri mambo mabaya juu ya akina mama wale. Kwamba wa ng'ambo hii wanaelewa na wa ng'ambo ile hawana akili. Ninayaandika kwa sababu niliyafikiri.

Ijumaa, 28 Aprili

Néant.

Ijumaa, 5 Mei

Mabomu. Majeshi mawili ya kigeni yaliyouchukua mji wetu pamoja sasa yanapigana yenyewe kwa yenyewe, na sisi tuko katikati. Nilikuwa ofisini. Chef Lukumani alinisukuma chini ya meza ya taipureta akalala mbele yangu, mgongo wake mpana ukiwa upande wa dirisha. Nilitetemeka hadi funguo za taipureta zikawa zinalia juu yetu.

"Unasikia?" akasema. "Madame Kifungo anapiga ripoti bila mikono."

Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Jumanne, 9 Mei

Kimya. Watu wanazika. Mvua haikomi.

Jumamosi, 13 Mei

Nimeelewa! Nitaandika polepole.

Nilivuka kuchukua kadi zangu na kuomba radhi. Upande wetu, nikisubiri pirogi, nilitazama magugu ya maji yakipita, yale yenye maua ya zambarau. Yalipita mbele yangu kutoka kushoto kwenda kulia, kama kawaida, yakielekea Kinshasa. Nilivuka. Nikapanda ukingo wa Lubunga, nikageuka kuutazama mto, na magugu yalikuwa yanatoka kulia kwenda kushoto.

Nilisimama pale kama mti. Mto ni mmoja na maji yanakwenda kulekule. Ni mimi niliyegeuka.

Wagenia walikaa kwenye jiwe wakiutazama mto, na kulia kwao ndiko maji yanakokwenda. Akina mama wa Lubunga wamekaa mbele ya dirisha wakiutazama mto, na kwao maji yanakwenda kushoto. Kwa wanaoishi na mto huu, kuendelea ni kwenda na maji. Kurudi ni kupanda. Mshale wangu wa kulia uliwaambia wapande hadi kwenye maporomoko!

Nilikimbia ukumbini. Nilimwomba Sœur ruhusa ya kugeuza meza tu, dirisha liwe nyuma ya mama. Alinitazama kama mgonjwa wa malaria, lakini akashika upande mmoja wa meza. Tukamkalisha mama mmoja wa familia ya wavuvi ambaye hakuwepo siku ile. Mto nyuma yake. Aligusa kulia. Kulia. Kulia. Hadi mtoto akanywa maji yaliyochemshwa.

"Mama," nikamuuliza alipomaliza, maana sasa ruhusa ya kusema ilikuwepo, "kwa nini umeenda kule?"

Akashangaa. "Kwenda wapi? Nimeendelea tu."

Kisha alikaa mwingine, mgeni kutoka Yahuma, mkulima, ambaye mto si wake. Alibonyeza kulia, akarudi kushoto, akapotea. Kwa hiyo kugeuza meza hakutoshi. Hakuna mshale ulio sawa kwa wote. Lazima mshale ufe.

Sœur Colette aliniambia mlangoni: "Umeomba radhi vizuri." Alikuwa anatabasamu. Akina mama wa Lubunga, nisameheni mliyoyasikia na msiyoyasikia.

Jumamosi, 20 Mei

Kitufe kimoja. Hakuna kulia, hakuna kushoto. Unabonyeza, habari inasonga; ikifika mwisho inaanza upya. Kadi nimezishona kwa uzi pembeni, moja juu ya nyingine, zinafunguka upande mmoja tu. Kwenye kompyuta tutafunika kibodi kwa ubao, tuache tundu moja.

Désiré amenionyesha wake: vitufe kumi na moja, rangi, muziki, na mwanamume anayekonyeza jicho. Kwa kweli ni mzuri. Akauona wangu.

"Kimoja? Kaswera, ile ni kengele ya mulango!"

Darasa limecheka. Sikumjibu, lakini kwa mara ya kwanza sikujibu kwa sababu sikuona haja.

Ijumaa, 2 Juni

Umeme umekuwepo wiki nzima na nimeingiza picha zote kwenye mashine. Assistant Nephtali amenakili kwenye disketi mbili, moja amempelekea Sœur. Jury ni Alhamisi ijayo. Tantine ananishonea sketi. Ofisini: néant, lakini Chef aliliimba.

Jumapili, 11 Juni

Leo kumenyamaza tangu asubuhi. Naandika nikiwa nimekaa uani, jua limewaka, na mikono yangu inanuka sabuni na moshi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ilianza Jumatatu. Daraja la Tshopo liko karibu nasi na pande zote mbili zililitaka. Majirani walikimbilia kwetu kwa sababu depo ni ya matofali. Tonton Mumbere alifungua mlango na kuwaita kwa majina. Tulipanga magunia ya maharage kwenye kuta, watu wakaketi chini nyuma yake. Umeme ulikufa siku ile ile na bomba likakauka. Tulikuwa na pipa la maji ya mvua upande wa jikoni.

Depo ina sehemu mbili, na kati yake kuna uwazi unaotazama mlango wa barabarani. Mlango ulitobolewa mapema. Baada ya hapo hakuna aliyepita kwenye uwazi. Risasi zilikuwa zinapita hapo kama watu wenye haraka. Mimi, Tonton na wengine tulikuwa upande wa magunia. Tantine, Mama Fatouma na akina mama wengine walikuwa upande wa jikoni, penye pipa na makaa.

Mama Fatouma ndiye jirani anayekaanga makemba, zile ndizi kubwa, mbele ya nyumba yetu, mwenye sauti kubwa kuliko sokoni kote. Mtoto wake Faustin hajatimiza miaka miwili. Siku ya tatu Faustin alianza kuharisha. Walikuwa wamekunywa maji ya pipa hivihivi. Niliona kutoka upande wangu jinsi shingo yake ilivyolegea begani kwa mama yake.

Mimi najua dawa. Nimeichora mara mia. Nikapiga kelele: "Chemusheni maji! Sukari!" Bomu lilianguka karibu na sikujisikia mwenyewe. Nikapiga tena. Fatouma aliona mdomo wangu unafunguka, akatikisa kichwa: hasikii. Katika kishindo kilichofuata nilijikojolea. Sitaki kulificha.

Kadi zilikuwa kwenye mfuko wangu wa chuo, nilioukumbatia tangu Jumatatu. Nilizifunga kwenye mche wa sabuni ili ziwe na uzito, nikazisukuma sakafuni kwa nguvu. Ziliteleza kwenye uwazi, zikafika. Fatouma akaziokota.

Tonton alinitazama, akaelewa kabla sijasema. Alichana gunia la sukari kwa kisu, akachana na la chumvi, yeye ambaye hukemea hata punje iliyoanguka. Akajaza makopo mawili, akachora kwa kalamu ya kuandikia magunia miwa juu ya moja na samaki mkavu, wa chumvi, juu ya lingine, akayatelezesha. Halafu chupa ya lita ya mafuta, tupu.

Baada ya hapo sikuwa na la kufanya ila kutazama. Fatouma hakuwahi kwenda shule. Alimshika Faustin kwa mkono wa kushoto kifuani, hakumweka chini hata mara moja. Kwa mkono wa kulia alifunua kadi ya kwanza. Aliliangalia pipa. Akafunua ya pili, akamwonyesha Tantine, Tantine akapuliza makaa. Maji yalichemka polepole mno. Wakayapooza kwenye sinia. Chupa. Sukari: alihesabu vijiko kwa midomo.

Akafika kwenye chumvi. Akachota kijiko kizima, akakiinua juu ya chupa.

Nilishika kinywa changu kwa mikono miwili. Ningepiga kelele asingesikia, lakini nadhani nilikuwa naogopa kwamba angenitazama, mkono ungetikisika, chumvi ingemwagika yote. Mashine haisemi. Nilisali.

Alisita. Akaitazama tena kadi, akaisogeza kwa goti penye mwanga wa tundu la risasi. Kisha akapunguza kijiko hadi nusu, polepole, kwa ukingo wa kopo. Akatia.

Akafunua kadi ya mwisho, akaanza kumnywesha Faustin kidogo kidogo.

Waliendelea hivyo siku iliyofuata na iliyofuata, na watoto wengine wawili walipoanza kuharisha, Fatouma aliwapa mama zao kadi bila kuwaeleza lolote. Jumamosi Faustin alilia kwa hasira, machozi yakatoka. Fatouma alimwinua juu ili nione yale machozi. Jana yote nilikuwa mtu mwenye hofu ambaye pia alikuwa na fahari. Sikujua mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja.

Kadi zimerudi zina masizi na alama za vidole. Sitazisafisha.

Jumatatu, 19 Juni

Chef Lukumani hayupo tena. Bomu lilianguka uani kwake siku ya pili ya mapigano, likamuua. Nimekwenda na Tantine kumwona mkewe. Anasema Chef alikuwa akiwasimulia wageni wote kwamba ofisini kwake kuna msichana anayefundisha mashine adabu.

Nilipiga ripoti ya mwisho peke yangu. Sikuweza kuandika neno lake. Niliandika: "Bandari haikupokea meli. Mkuu wa ofisi alikuwa kazini hadi mwisho."

Alhamisi, 29 Juni

Chuo kimepigwa. Mashine zetu mbili zimekufa. Désiré amepoteza disketi zake, na nyumba yao imebaki kuta mbili. Jury itafanyika hata hivyo, tarehe nane Julai. Tonton amesema Butembo ingoje.

Jumamosi, 8 Julai

Jury. Chumba hakina vioo na upepo ulikuwa unapindua karatasi. Walikuwepo Assistant Nephtali, Sœur Colette, na profesa mmoja mzee mwenye tai, ambaye simjui.

Désiré alitangulia. Hakuwa na kitu mkononi. Alichora vitufe vyake kumi na moja ubaoni kwa chaki na kuvieleza vyote kwa kumbukumbu, hata muziki aliupiga kwa mdomo. Nilimpigia makofi kwa moyo wote.

Mimi niliweka kadi mezani. Profesa alizifunua kwa ncha ya kalamu, kwa sababu ya masizi.

"Mademoiselle, umesoma conception interactive. Donc mtumiaji achague. Hapa kuna kitufe kimoja. Chaguo liko wapi?"

Nilimtazama Assistant Nephtali: uso wake ulikuwa umefungwa. Hapa hakuna sheria ya kunyamaza. Ni mimi niliyekuwa naulizwa.

Nilimweleza mishale, ng'ambo mbili, meza iliyogeuzwa. Aliitikia kwa kichwa, alifurahia, lakini akasema: "Hiyo ni sababu ya kubadilisha alama. Si sababu ya kubaki na kimoja."

"Ndiyo, Profesa," nikasema. "Sababu yenyewe nilikuwa siijui mwezi wa tano. Mama anayehitaji picha hizi ana mtoto mgonjwa, na mtoto mgonjwa hawekwi chini. Mkono mmoja umemshika. Mimi nimebuni kwa ajili ya mkono uliobaki."

Upepo ukapindua kadi. Profesa aliishika kwa kidole, sasa bila kalamu, akaitazama alama ya kidole gumba iliyokuwa pembeni. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia.

Walitutoa nje. Désiré aliniambia, "Kama wakikunyima, nitarudi ndani nipindue meza." Hawakuninyima. Wamenipa distinction, alama za juu, na Désiré amefaulu pia. Sœur Colette alipita karibu yangu, akasema kana kwamba ananiagiza mboga: "Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Uje mapema, paneli inataka kufutwa vumbi."

Tonton alikuwa anasubiri nje na koti la harusi yake. Alimpa mkono kila mtu aliyetoka mlangoni, hadi mlinzi.

Jumatatu, 17 Julai

Kazi ya kwanza ya maisha yangu niliyoichagua. Nilivuka alfajiri, nikafuta paneli, nikawasha. Ubao juu ya kibodi, tundu moja, na juu ya kitufe nimepaka rangi nyekundu.

Ukumbi ulijaa. Mimi nilisimama karibu na meza na sare mpya, tayari kwa lolote. Hakuna aliyeniuliza lolote. Mama mmoja alikaa, mtoto begani, akabonyeza, akaona, akaondoka. Mwingine akakaa.

Baadaye aliingia msichana mdogo kunizidi, mtoto wa kwanza mkononi, macho makavu kwa woga. Alisimama mbele ya skrini bila kujua pa kuanzia. Mama aliyekuwa ametoka kuinuka alimgeukia bila kusimama:

"Finya ile nyekundu tu. Itakuonyesha."

Msichana alinyoosha kidole chake. Alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mkono mwingine. Maji, moto, chupa. Nilisogea mbele nione uso wake atakapofika kwenye chumvi.

Akainua macho, akanitazama kwa hasira, kama mdogo anavyomtazama dada yake mkubwa.

"Yaya, pardon, toka pale. Uko nanizibia mwanga."

Nikatoka pale.